Deni Kabla ya Mirathi

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii imezoeleka hata husemwa bila kufikiriwa, na aghalabu husemwa juu ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Kijana akisahau lugha ya mama yake huambiwa hivyo. Mwanamke akiolewa mbali na ndugu zake huambiwa hivyo. Msafiri akirejea kwao baada ya miaka mingi, akaukuta mlango umefungwa, huambiwa hivyo pia. Walakini ndani ya methali hii mna swali ambalo wasemaji wake hawalijibu. Asili ni kitu gani? Ni damu, ni dini, ni nchi, au ni jumla ya watu wote waliomleta mtu duniani, pamoja na mema yao na maovu yao? Na yule ambaye hakuiacha asili yake kwa hiari, bali alinyakuliwa utotoni akauzwa katika nchi asiyoijua, naye huitwa mwacha asili?

Yako maisha ya mtu mmoja wa karne ya 19 yanayofaa kuyapima maswali haya. Mtu huyo ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, tarehe 30 Agosti 1844, akafariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa lugha ya Kijerumani, akaeleza kwamba alianza kukiandika kwa ajili ya watoto wake, waliokuwa hawajui sana habari za asili ya mama yao. Basi aliandika kama mtu ajuaye kwamba siku moja atakuwa mhenga wa watu watakaouliza. Kitabu chake ni wasia, na kila wasia huwapasa warithi kusoma yaliyoandikwa na kuhesabu yaliyoachwa.

Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake aliitwa Jilfidan, wa taifa la Wasirkasi, watu wa milima ya Kaukasi. Binti anasimulia kwamba majambazi waliivamia nchi ya mama yake, wakawaua wazazi, wakawachukua watoto watatu na kuwatenganisha. Jilfidan alifika katika nyumba ya Sayyid Said akiwa mtoto wa miaka saba au minane, na humo ndimo lilimong'oka jino lake la kwanza. Habari ya jino hilo inasimuliwa kwa upole, kama jambo dogo la nyumbani. Lakini msomaji mwangalifu hawezi kuipita upesi. Mtoto ambaye bado ana meno ya utoto hana hiari ya kuacha asili wala ya kuishika. Wengine ndio waliomkata na kwao, na wengine wakalipa bei yake.

Mwanamke aliyenunuliwa, kisha akawekwa na bwana wake, aliitwa suria. Sheria ya Kiislamu ilimpa ulinzi wa namna yake. Akimzalia bwana wake mtoto, hakuweza kuuzwa tena. Na bwana akifa, suria huyo alikuwa huru. Mtoto wake alizaliwa huru, akarithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Sayyid Said alipokufa baharini mwezi wa Oktoba 1856, watoto wake waliokuwa hai, ambao binti yake anawahesabu kuwa 36, wote walikuwa watoto wa masuria. Mke wake wa ndoa katika Unguja, Azze binti Sef, hakumzalia mtoto. Kwa hiyo Majid, aliyetawala Unguja tangu 1856 hata 1870, na Barghash, aliyemfuata hata 1888, walikuwa wana wa masuria, kama dada yao alivyokuwa binti wa suria. Heshima ya nyumba ile ilikuwa kubwa, na msingi wake ulikuwa ni wanawake ambao hakuna aliyewauliza shauri lao.

Katika nyumba hiyo Salme alijifunza jambo ambalo wasichana hawakufunzwa. Walisomeshwa Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye aliunakili mwandiko wa msahafu kwa siri juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika mahali pa ubao, mpaka mkono wake ukazoea kalamu. Ujuzi huo ulimponza kabla haujamfaa. Mwaka 1859, mwaka ambao mama yake alikufa kwa kipindupindu, Barghash alitaka kumwondoa Majid katika utawala, na Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 15, akawa mwandishi wa waasi. Barua zao zilitoka mkononi mwake. Uasi ulishindwa kwa msaada wa Waingereza. Barghash akapelekwa Bombay. Na Salme akabaki kati ya makundi mawili ya ndugu, wale aliowapinga wakimkumbuka kwa uasi wake, na wale aliowasaidia wakiwa wametawanyika. Majid alimsamehe. Msamaha huo nao, badala ya kumrudishia marafiki, ulimwongezea lawama za wale waliokuwa wenzake.

Katika upweke huo alijuana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyezaliwa mwaka 1839, ambaye nyumba yake mjini ilikuwa jirani na nyumba ya Salme. Ujirani ukawa urafiki, na urafiki ukawa mapenzi, hata Salme akachukua mimba. Mwezi wa Agosti 1866 aliondoka Unguja kwa siri usiku, katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akapelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa Desemba. Ruete alibaki nyuma kumaliza shughuli zake, wala Majid hakumdhuru. Tarehe 30 Mei 1867 alikuwa amekwisha kumfuata Aden, na siku hiyo Salme alibatizwa kwa jina la Emily na kufungishwa ndoa. Kisha wakasafiri kwenda Ulaya. Mtoto wao hakufika Hamburg, alikufa njiani.

Kitabu ambacho mama huyu aliwaandikia watoto wake hakimtaji mtoto huyo. Habari ya mapenzi na safari ya kutoroka imepewa nafasi ndogo, ilhali desturi za majumbani, sikukuu, mavazi na vyakula zimeelezwa kwa urefu. Hapana haja ya kumlaumu kwa kunyamaza. Kila mzazi anayo haki ya kufunga chumba kimoja cha moyo wake. Lakini warithi wakijua kwamba chumba kimoja kimefungwa, wataelewa kwamba huenda vipo vingine, na kwamba si vyote vilivyofungwa kwa sababu ya huzuni.

Juu ya ndoa hii hukumu mbili zimesimama tangu siku zile. Hukumu ya kwanza ni ya lawama. Wenye hukumu hii husema kwamba ndoa si shauri la watu wawili tu. Ina walii, ina mahari, ina mashahidi, na nyuma ya kila mmoja wa wanaooana wako wazazi na ndugu ambao sifa yao imewekwa rehani. Sheria ya dini ya Salme ilimkataza mwanamke Mwislamu kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu, naye aliijua. Alipoondoka hakuondoka na aibu yake yote. Sehemu kubwa aliwaachia dada na kaka ambao hawakutenda neno. Mtu akinunua uhuru wake kwa fedha za watu wengine, je, uhuru huo ni wake kweli?

Hoja hii ni nzito, na haifai kuchekwa na watu wa leo kwa sababu tu mapenzi yamekuwa na watetezi wengi. Jamii isiyojali aibu ya ndugu haitajali njaa yao pia. Lakini hoja hiyo ina ufa. Nyumba iliyomdai Salme idhini ya walii haikumwuliza mama yake idhini ya mtu yeyote. Jilfidan hakuwa na walii wala mahari. Bei aliyolipiwa haikuingia mkononi mwake. Ikiwa ndoa ni kitu kitakatifu kwa sababu inaunganisha nyumba mbili kwa ridhaa, basi nyumba ya pili katika maisha ya Jilfidan ilikuwa wapi? Ilikuwa imeharibiwa huko Kaukasi, na wenyewe wameuawa. Walioshika sheria kwa binti walikuwa hawajaona haja ya ridhaa kwa mama. Ufa huu haumwondolei Salme dhima yake kwa ndugu zake; unaonyesha tu kwamba waliomhukumu hawakuwa na mizani iliyo sawa.

Hukumu ya pili ni ya sifa. Wenye hukumu hii humwona Salme kuwa shujaa wa uhuru: msichana aliyejifundisha kuandika, aliyethubutu kupenda, aliyevuka bahari na dini na lugha kwa ajili ya mtu mmoja. Sifa hii nayo ina ukweli, na ukweli wake unathibitishwa na gharama aliyolipa. Hamburg ilimpokea kama kioja. Alihesabiwa kuwa wa ajabu na watu ambao yeye naye aliwaona wa ajabu. Alizaa watoto watatu wengine: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869, na Rosalie mwaka 1870. Mwezi wa Agosti 1870, mdogo wao akiwa na miezi michache, mume wake aliumia katika ajali ya tramu, akafa. Ndoa iliyoanza Aden ilikuwa imedumu miaka mitatu na kidogo.

Hapo mjane huyu aliona jambo ambalo wanaomsifu kwa kukimbilia uhuru hupenda kulisahau. Katika Unguja, chini ya sheria ya Kiislamu, alikuwa na mashamba na nyumba kwa jina lake mwenyewe tangu alipokuwa msichana, na hakuna mume ambaye angeweza kuyachukua. Katika Hamburg ya mwaka 1870 mjane aliwekewa wasimamizi wa mali aliyoachiwa na mumewe. Akahama mji hadi mji, akapata riziki kwa kufundisha Kiarabu. Wala hakukubali kurudi nyuma katika uamuzi wake: watoto wake walikuwa watoto wa nchi ile, na baba yao alizikwa huko. Mtu anayesema kwamba mwanamke huyu alitoka utumwani akaingia katika uhuru hajasoma habari zake. Na anayesema kwamba alitoka katika heshima akaingia katika fedheha hajazisoma pia. Alitoka katika nyumba yenye milango fulani iliyofungwa, akaingia katika nyumba yenye milango mingine iliyofungwa, naye aliijua tofauti yake kuliko wanaomsemea.

Tangu hapo neno moja lilitawala maisha yake, nalo ni mirathi. Fungu la baba yake alikwisha kulipata kabla ya kuondoka. Lakini ndugu kadhaa walikufa baada ya yeye kwenda Ulaya, miongoni mwao Majid, na kwa kila aliyekufa alijiona kuwa na fungu lake. Barghash alikataa. Kwa sheria alikuwa na hoja, maana Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani. Kwa wema hakuwa na hoja kubwa, kwa kuwa huyo aliyemfungia mlango ndiye aliyeandikiwa barua zake za uasi na mkono wa dada yake. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alikwenda huko kumtafuta. Wakubwa wa Kiingereza walimsihi asikutane na kaka yake, wakimwahidi kwamba watoto wake watasaidiwa. Alitii. Sultani alipokwisha kuondoka, ahadi ikaondoka pia.

Mwaka 1885 alirudi Unguja, safari hii pamoja na manowari za Ujerumani. Ni mwaka ule ule ambao Ujerumani ilitangaza ulinzi wake juu ya nchi za bara zilizo mkabala na Unguja, na manowari zilikuja kumlazimisha Barghash kukubali. Bismarck alikuwa na haja na madai ya mjane: binti wa Sayyid Said, raia wa Ujerumani, mwenye kudhulumiwa urithi wake, alikuwa sababu nzuri ya kuelekeza mizinga. Watu wa mji, kwa masimulizi yake, walimfuata njiani wakimsalimu; kaka yake hakumpokea. Barghash alipokubali habari ya bara, madai ya dada yake yalikwisha kufanya kazi yake, na hakuna aliyeyashikilia tena. Alijaribu mara ya mwisho mwaka 1888, akashindwa, akaiacha Ujerumani, akakaa miaka mingi Beirut hata mwaka 1914.

Hapa lawama haiwezi kuepukwa kwa huruma peke yake. Mtu anaweza kudai haki yake. Lakini akiidai kutoka katika sitaha ya manowari ya kigeni, haki hiyo imeingia katika hesabu kubwa kuliko yake. Salme hakuibuni siasa ya Bismarck, wala asingeweza kuizuia. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, aliyekwisha kudanganywa mara moja na dola nyingine. Hata hivyo alijua manowari ni kitu gani. Ni haki kusema kwamba alitumiwa. Ni haki pia kusema kwamba alikubali kupandishwa chomboni na watu ambao safari yao haikuwa ya mirathi.

Lakini jambo lililo zito kuliko manowari limo katika kitabu chake. Katika mlango aliouandika juu ya utumwa, Salme aliutetea utumwa wa nchi za Mashariki. Alisema kwamba usifananishwe na ule wa Marekani, akaeleza kwamba watumwa walitunzwa vema majumbani, akahofia madhara ya kuwafungulia upesi, na akawanena Waafrika kwa dharau kuwa ni wavivu. Aliyaandika haya baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, na kabla ya sheria ya mwaka 1897 iliyoondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba. Sheria hiyo yenyewe iliwaacha nje masuria, wakangoja mpaka mwaka 1909. Watu wa mwisho kufunguliwa na sheria katika visiwa vile walikuwa wanawake wa hali ile ile aliyokuwa nayo Jilfidan.

Husemwa kwa kumtetea kwamba alikuwa mtu wa wakati wake. Utetezi huu hutumika sana, nao una kosa moja: huuhesabu wakati kuwa ni mali ya mabwana peke yao. Wachukuzi wa karafuu katika mashamba ya Kizimbani na Bububu nao walikuwa watu wa wakati ule, na hapana shaka walikuwa na maoni juu ya utumwa. Kila zama huwa na zaidi ya dhamiri moja. Tofauti ni kwamba dhamiri nyingine zilikuwa na kalamu na nyingine hazikuwa nayo. Salme, aliyepata kalamu kwa hila juu ya mfupa wa ngamia, alikuwa na sababu ya kulijua hilo kuliko wengi.

Yapo maelezo mengine yenye kina zaidi, ingawa nayo hayamwondolei hatia. Alipoandika alikuwa amekaa ugenini karibu miaka 20, akiulizwa maswali ya kipuuzi juu ya kwao na watu waliodhani kwamba wanajua. Mtu aliye mbali na nyumbani huitetea hata nyufa za nyumba yao. Anapenda vyote kwa pamoja, kwa sababu akikubali kwamba kimoja ni kibovu, huogopa kwamba adui atasema vyote ni vibovu. Hivyo ndivyo mwanamke aliyeitwa mwacha asili alivyoishia kuishika asili yake kwa nguvu mno, hata akashika pamoja nayo mnyororo uliomfunga mama yake.

Hapo ndipo methali inapogeuka. Salme alishutumiwa kwa kuiacha asili ya baba yake, na hiyo ndiyo ambayo kwa kweli hakuiacha hata siku moja. Jina la kitabu chake lilimtangaza kuwa binti mfalme. Madai yake yote yalikuwa ya binti wa Sayyid Said. Mwana wake Rudolph aliongeza jina la Said katika jina la ukoo wake, na mwaka 1929 akatoa kitabu juu ya babu yake. Asili iliyoachwa ni ya upande wa pili. Salme alimpenda mama yake, akamsifu kwa huruma aliyokuwa nayo kwa wagonjwa, akamlilia. Lakini alipofika katika mlango wa utumwa hakumleta shahidi huyo. Aliandika habari za mtoto aliyeporwa katika kurasa za mwanzo, na habari za utumwa mwema katika kurasa za mbele, bila kuwakutanisha. Alijidai kuwa na haki ya kuchagua maisha yake, haki ambayo mama yake hakuwa nayo, na hakuona kwamba haki hiyo hiyo ilikuwa ikilia katika kila shamba la karafuu.

Watu wa vizazi vya baadaye wamejaribu namna mbili za kuishi na mhenga wa namna hii. Mwaka 1994 jumba la wafalme la Unguja lilipofanywa makumbusho, chumba kimoja kilitengwa kwa ajili yake, na wageni wengi wamelichukua pendo lake kuwa hadithi tamu ya kisiwa. Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina lake. Mwaka 2020 iliamuliwa jina hilo liondolewe, kwa sababu ya maneno yake juu ya utumwa na juu ya Waafrika. Kumpamba ni njia moja, kumfuta ni njia ya pili. Njia zote mbili zina wepesi mmoja: baada yake mrithi hana kazi tena. Aliyepambwa haulizwi, na aliyefutwa hajibu.

Sheria ya mirathi, ambayo Salme aliililia maisha yake yote, ina mafunzo bora kuliko hayo. Mtu akifa, warithi hawakimbilii kugawana. Kwanza hutolewa gharama za maziko, ili maiti astiriwe. Kisha hulipwa madeni. Kisha hutekelezwa wasia kwa kadiri iliyoruhusiwa. Baada ya hayo ndipo mafungu yanapogawanywa. Utaratibu huu ni wa mali, lakini unafaa kuwa utaratibu wa kumbukumbu pia. Mhenga astiriwe kwanza: huzuni zake zisifanywe mchezo, na mtoto aliyemnyamazia asifanywe kisa cha kuwafurahisha wageni. Kisha madeni yake yatajwe na kulipwa. Ndipo warithi wanaweza kupokea ujasiri wake, kalamu yake na uvumilivu wake, wakavitumia bila kuiba.

Deni la jina jema hulipwaje? Halilipwi kwa fedha, wala kwa kumtukana marehemu. Hulipwa kwa kusema kweli mahali ambapo marehemu alinyamaza. Anayesimulia habari za ndoa ya Salme na asimulie pia habari za suria Jilfidan, ambaye hakuolewa. Anayesoma habari za sikukuu za Mtoni na ajiulize nani aliyachota maji na kuwasha mioto. Anayemsifu kwa kuvuka bahari kwa hiari na awakumbuke waliovukishwa bila hiari, katika majahazi yaliyotia nanga bandari ile ile aliyoondokea yeye. Hayo si masharti ya kumchukia. Ni masharti ya kumrithi.

Wala jambo hili si la nyumba ya wafalme peke yake. Nyumba nyingi za pwani humkumbuka kwa fahari babu aliyetoka Hadhramaut au Maskati, humtaja kwa jina lake na la baba yake na la babu yake. Lakini bibi aliyeletwa kutoka bara, aliyezaa watoto wa babu huyo, hutajwa kwa sauti ya chini, au hatajwi kabisa. Si kwamba watu hao ni wabaya. Wamerithi kimya kama walivyorithi nyumba. Lakini damu haigawanyiki kwa heshima. Nusu iliyofichwa imo mwilini sawasawa na nusu iliyotangazwa. Ikiwa ni kweli kwamba mwacha asili ni mtumwa, basi anayemficha bibi yake kwa sababu alikuwa mtumwa ameuacha uhuru wake mwenyewe, kwa kuwa bado anautii ule uamuzi wa zamani kwamba mtu aliyeuzwa hana jina la kukumbukwa.

Salme alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, penye kaburi la ukoo wa mumewe. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake mlikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja, alioutunza mpaka kufa. Aliyeuhifadhi mchanga huo alikuwa binti wa mfalme na binti wa mtoto aliyeuzwa, ingawa yeye mwenyewe alipenda zaidi kutajwa kwa jina la kwanza. Na mchanga wa pwani ile ulikanyagwa na wote: walioshuka majahazini kwa fahari na walioshushwa humo wamefungwa. Warithi wake wana haki ya kuuchukua. Wakiuchukua, wauchukue wote.